Mtori Usio na Nyama: Maharage, Magadi na Maji ya Meru

Katika nyumba nyingi za miteremko ya Mlima Meru, mtori ni chakula cha heshima. Mzazi aliyetoka kujifungua huletewa bakuli lake kabla ya mtu mwingine kuonja, na mgonjwa anayeanza kupata nafuu hupewa huo kwanza. Viambato vyake vya asili ni vichache: ndizi mbichi, nyama yenye mifupa, kitunguu na chumvi. Ndizi ndizo zinazoufanya mchuzi kuwa mzito. Wairishi wa Ulaya nao wana chungu chao cha namna hiyohiyo, chenye nyama ya kondoo, viazi na vitunguu, ambamo viazi hupondeka na kufanya kazi ile inayofanywa na ndizi huku kwetu.

Siku hizi wapo walaji wengi wanaotaka chakula hiki bila nyama, na sababu zao si moja. Kuna wanaofunga Kwaresima. Kuna Waadventista Wasabato waliokwisha kuacha nyama tangu zamani. Kuna aliyeshauriwa na daktari kuipunguza, na kuna yule ambaye bei ya buchani ndiyo iliyomshauri. Aidha, Arusha ni mji wa wageni, na wapishi wanaoongozana na wapandaji mlima huambiwa, mara nyingi asubuhi ileile ya safari, kwamba mmoja wa wageni hali nyama, maziwa, siagi wala mayai. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wote hao.

Kuondoa nyama ni jambo jepesi. Kosa hutokea katika kile kinachowekwa mahali pake. Ndizi zilizochemshwa kwa maji, zikaongezwa karoti mbili na chumvi, hupendeza machoni na kujaza tumbo, lakini baada ya saa chache njaa hurudi, na mzazi anayenyonyesha hajapata alichokihitaji. Nyama ilikuwa inaleta protini, madini ya chuma, mafuta na ile ladha nzito ya mifupa. Kwa mlaji wa Arusha, kitu cha kwanza kinachoweza kushika nafasi hiyo ni maharage. Gramu 100 za maharage makavu zina protini takriban gramu 22, na yanapatikana katika kila soko. Lakini ni katika kuyalainisha maharage hayo ndipo wapishi wengi wa ukanda huu huingiza sufuriani kitu ambacho walaji, na hasa watoto, wangekuwa salama zaidi bila hicho.

Magadi

Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na vijiji vya mlimani viko juu zaidi. Kwenye mwinuko huo maji huchemka yakiwa na nyuzijoto 95 hivi, wala hayafiki 100 kama yanavyofika Tanga au Dar es Salaam. Kwa hiyo maharage ya Arusha huchelewa kuiva hata kama mpishi hana kosa lolote, na mkaa huisha. Si ajabu, basi, kwamba magadi yamependwa sana huku. Kipande kidogo hulegeza ganda la maharage, na sufuria huepuliwa mapema.

Magadi yanayouzwa kwa mafungu sokoni huchotwa ardhini au kando ya maziwa ya chumvi kama Natron. Udongo na miamba ya ukanda huu ilitokana na volkano, na imejaa madini ya floraidi. Magadi nayo hubeba madini hayo, kwa kiasi kinachotofautiana sana kati ya fungu moja na jingine. Mlaji hawezi kukitambua kiasi hicho kwa macho wala kwa ulimi. Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, meno ya mtoto huota yakiwa na madoa ya kahawia na vishimo, na ikizidi kwa miaka mingi huingia katika mifupa, viungo vikakakamaa na miguu ya watoto ikapinda. Madhara ya meno hutokea wakati meno yanapojengeka ndani ya ufizi, yaani tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka minane hivi. Yakishatokea hayafutiki kwa kupiga mswaki. Ndiyo maana sufuria ya mtu mzima anayeishi peke yake si jambo la kutia hofu kama sufuria ambayo mtoto wa miezi kumi analishwa kutoka humo.

Magadi yana hasara nyingine isiyotajwa sana: huharibu vitamini B1 iliyomo ndani ya maharage. Mlaji aliyeacha nyama na kutegemea maharage anapoteza kwa mkono mmoja alichokipata kwa mkono wa pili.

Dawa ya ugumu wa maharage ni maji na usiku mmoja. Yaloweke kwa saa nane hadi kumi na mbili katika maji mengi yenye kijiko kidogo cha chumvi. Wengi huamini kwamba chumvi huyafanya maharage kuwa magumu. Ikitiwa katika maji ya kuloweka, huyasaidia kulainika. Vinavyoyakaza ni vitu vichachu, yaani nyanya na ndimu, na hivyo havitiwi sufuriani mpaka maharage yaive. Asubuhi mwaga maji ya kuloweka, suuza, kisha anza na maji mapya. Pamoja na kuondoa haja ya magadi, njia hii hupunguza mkaa na ile gesi ya tumbo ambayo huwakimbiza watu wengi wasile maharage.

Maji nayo yana neno lake

Floraidi imo pia katika maji ya mito na visima vingi vinavyotoka Meru, na wakazi wa Maji ya Chai na maeneo ya jirani wanalijua jambo hili kuliko mwandishi yeyote. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Chemchemi mbili zilizo karibu zinaweza kutofautiana mno, kwa hiyo ushauri wa jirani hautoshi. Aliyeunganishwa na bomba la mjini aulize matokeo ya vipimo kwa Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Arusha; wa kijijini aulize kwa RUWASA.

Tafadhali izingatiwe kwamba kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji hupungua kwa mvuke, madini hubaki. Lita nne za maji zikichemka mpaka zikabaki mbili, kila lita iliyobaki ina floraidi mara mbili ya mwanzo. Mtori ni chakula cha kuchemshwa kwa muda mrefu, hivyo funika sufuria vizuri, na mahali ambapo maji yanajulikana kuwa na floraidi nyingi tumia maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi na kuchemshwa, au maji yaliyopita katika chujio la mkaa wa mifupa ambalo limeendelezwa na kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Mlaji anayeepuka kila kitokacho kwa mnyama ajue kwamba chujio hilo limetengenezwa kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Uamuzi ni wake. Sisi tungemshauri kulitumia pale ambapo kuna watoto.

Sokoni

Maharage mapya huiva upesi kuliko yaliyokaa ghalani msimu mzima. Muulize muuzaji ni ya mavuno ya lini, na usichanganye aina mbili katika sufuria moja, kwani moja itasagika kabla ya nyingine kulainika. Aina zilizotoka katika kituo cha utafiti cha Selian, hapahapa Arusha, kama Selian 97, na vilevile Lyamungo 90, zinajulikana kwa wakulima wa ukanda huu. Dai kupimiwa kwa mizani. Sado na bakuli hujazwa kwa jinsi mkono wa muuzaji utakavyo, na Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo kwa ajili ya mnunuzi pia.

Kwa ndizi, chagua mshale mbichi iliyokomaa. Karanga zinunuliwe nzima, kamwe zisiwe unga uliosagwa tayari, kwa sababu ndani ya unga huwezi kuona punje iliyooza. Punje zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe, wala zisipewe kuku. Sumukuvu haiharibiwi na moto wa jikoni. Mwaka 2016 sumu hiyo, ikiwa katika mahindi, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Vidonge na unga wa kukolezea mchuzi visomwe lebo. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi, na mara nyingi chumvi huwa mwanzoni. Baadhi huwa na mafuta au dondoo la nyama. Kwa maoni yetu, mtori uliopikwa vizuri hauvihitaji.

Jikoni: mtori wa watu sita

Tayarisha nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa, ndizi mshale kumi na tano, viazi mviringo vitatu, karoti mbili, vitunguu maji vitatu vikubwa, nyanya tatu, kikombe kimoja cha karanga, vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti, punje nne za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, fungu la mnafu au sukuma wiki, ndimu na chumvi yenye madini joto.

Bandika maharage kwa maji mapya yanayoyafunika kwa kina cha vidole vitatu. Yaache yachemke kwa nguvu kwa muda usiopungua dakika kumi, kisha punguza moto. Dakika hizo zisirukwe, hasa na wale wanaotumia kapu la kuhifadhi joto ili kubana mkaa: maharage, na zaidi yale mekundu, yana sumu ya asili iletayo kutapika na kuhara, na sumu hiyo huvunjwa na mchemko mkali, si na joto la kufukuta. Yataiva kwa saa moja hadi saa moja na nusu. Ponda moja kati ya vidole viwili. Likipondeka lote bila kiini kigumu, yameiva. Usimwage mchuzi wake. Huo ndio unaochukua nafasi ya supu ya mifupa.

Wakati huo menya ndizi. Paka mikono mafuta kwanza ili utomvu usigande, na kila iliyomenywa itumbukizwe katika maji yenye ndimu isiwe nyeusi. Zichemshe pamoja na viazi mpaka zilainike, kisha uzisonge kwa mwiko. Wengine huzisaga zikawa laini kama uji. Sisi twapendelea zibaki na mabonge madogo, mlaji apate cha kutafuna.

Sasa ladha. Hapa ndipo mtori usio na nyama huokoka au hupotea, na siri yake ni subira katika kitunguu. Kikate chembamba, kikaange katika mafuta kwa moto mdogo, ukigeuzageuza, kwa dakika ishirini, mpaka kiwe na rangi ya kahawia iliyokolea. Kitunguu cha dakika tano hubaki cheupe na kitamu kidogo tu. Cha dakika ishirini hutoa ule uzito ambao ulimi huutafuta katika nyama. Ongeza saumu na tangawizi, kisha nyanya, na uzipike mpaka mafuta yajitenge juu. Karanga zikaangwe kavu, zimenywe, zitwangwe.

Mimina rojo hilo katika maharage yaliyoiva, tia karoti, na baada ya dakika kumi changanya ndizi na viazi vilivyosongwa pamoja na karanga. Koroga mara kwa mara, maana karanga hushika chini upesi. Mboga ya majani iingie dakika tano za mwisho, na ndimu ikamuliwe bakulini. Ndimu si pambo. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage hufyonzwa vizuri zaidi yakiandamana na vitamini C, na hufyonzwa kidogo yakifuatwa na chai. Chai inywewe saa moja au mbili baadaye, na ushauri huu unawahusu zaidi wajawazito na wanaonyonyesha.

Kwa aliyeacha kabisa vyakula vitokavyo kwa wanyama, hata maziwa na mayai, sufuria hii haitoshi kwa jambo moja. Vitamini B12 haimo katika ndizi, maharage wala karanga. Upungufu wake huja polepole, kwa uchovu na ganzi ya miguu, na mtoto anayenyonya kwa mama aliyepungukiwa huweza kudhurika mapema. Mtu wa namna hiyo atafute vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, au vidonge, na azungumze na mhudumu wa afya katika kituo chake. Anayefunga kwa siku arobaini kisha akarudia maziwa na nyama hana haja ya kuhangaika.

Neno moja kwa wenye migahawa. Mtori uliopikwa kwa mifupa, kisha nyama ikaopolewa, si mtori usio na nyama, na mteja aliyeuliza ana haki ya kuambiwa ukweli kabla ya kulipa. Mteja naye aulize kwa ukamilifu: supu ilichemshwa na nini, na je, kuna siagi au maziwa?

Mtori uliobaki upoe upesi na uwekwe kwenye jokofu. Asiye na jokofu apike wa kutosha siku hiyo tu, kwa kuwa maharage na ndizi huchacha haraka usiku wa joto. Ukilala huganda kama ugali; wakati wa kuupasha ongeza maji ya moto kidogo kidogo, na uache uchemke wote, katikati na pembeni, kabla ya kupakua.