Mtoto Aache Chupa, Anywe kwa Kikombe

Mtoto akishatimiza mwaka mmoja, chupa ya kunyonyea haina kazi tena nyumbani. Wauguzi wa kliniki za watoto huwaambia wazazi hivyo kila mara, lakini kulisema jambo ni rahisi kuliko kulitenda, hasa pale ambapo mama huondoka alfajiri na kumwacha mtoto mikononi mwa mwingine. Katika somo la leo tutaangalia jinsi ya kumwachisha mtoto chupa na kumzoesha kikombe, na mfano wetu tutautoa Boito, kaunti ya Bomet, katika nchi ya majani chai. Msomaji wa Nairobi au Nakuru asidhani kwamba hayamhusu. Huenda mwanawe analelewa huko na nyanyake wakati huu, na hata kama yuko naye mjini, chupa ni ile ile.

Kazi ya kuchuma chai huanza mapema, kwa kuwa majani mabichi hayasubiri. Ni sharti yafike kituoni yangali mazuri. Kwa hivyo mama huondoka mtoto angali amelala. Anayebaki naye ni nyanya, ambaye Wakipsigis humwita kogo, au msichana wa kazi, na huyo naye ana ng'ombe wa kukamua, kuni za kutafuta na chakula cha kupika. Chupa humsaidia sana. Mtoto hupewa, hulala chali, hunyamaza, wala hamwagi kitu. Tusiwe wepesi wa kumlaumu mlezi huyo. Lakini tutazame kilichomo ndani ya chupa. Mahali ambapo chai ya maziwa haikosekani kwenye themosi kuanzia asubuhi hadi jioni, mara nyingi kinachotiwa ni chai hiyo hiyo, na sukari juu yake.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Majani chai yana tanini, ambazo hushikamana na madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, wimbi na mboga, yakapita tumboni bila kuingia mwilini. Mtu mzima anayekula vizuri huenda asione athari. Mtoto wa mwaka mmoja ni tofauti: akiba ya chuma aliyozaliwa nayo imekwisha, na anakua kwa kasi. Mnamo 1985 watafiti wa Israeli waliwapima watoto wachanga waliokuwa wakinywa chai, na kuona kwamba asilimia 32.6 yao walikuwa na upungufu wa damu wenye chembe ndogo, ikilinganishwa na asilimia 3.5 ya wale wasiokunywa. Maziwa yaliyochanganywa ndani ya chai hayaondoi shida hiyo, kwa sababu maziwa ya ng'ombe yenyewe hayana chuma cha kutosha.

Mtoto aliyepungukiwa na damu si lazima aonekane mgonjwa. Huwa mpole kupita kiasi, hachezi sana, hataki chakula, na viganja vyake hupauka. Mlezi humsifu kuwa ni mtoto mtulivu! Upungufu huo ukidumu katika miaka miwili ya kwanza, waweza kuchelewesha kukua kwa akili, na si kila kilichopotea wakati huo hurudi baadaye.

Hata chupa yenye maziwa matupu ina madhara yake. Mtoto anayetembea nayo kutwa hushiba maziwa, na ugali na mboga vikiletwa anageuza uso. Baada ya mwaka mmoja, maziwa ya ng'ombe yasizidi nusu lita hivi kwa siku. Meno nayo huharibika. Mtoto akilala na chupa mdomoni, maziwa au chai ya sukari hukaa juu ya meno usiku kucha, wakati ambapo mate ni machache. Tazama meno ya mbele ya juu, karibu na ufizi: ukiona mstari mweupe kama chokaa, huo ndio mwanzo wa kuoza, na bado kuna nafasi ya kuuzuia. Ukigeuka kuwa hudhurungi umechelewa. Kunywa chupa akiwa chali huweza pia kumletea maradhi ya masikio. Na ile chuchu ya mpira ina pembe na nyufa ambazo uchafu hujificha humo, ukaja kuzusha kuhara.

Sasa kikombe gani? Mjomba au shangazi anayetoka mjini hupenda kuleta zawadi ya kikombe chenye mfuniko na mdomo wa kufyonzea, kile kisichomwaga hata kikipinduliwa. Mhandisi Mmarekani, Richard Belanger, ndiye aliyepata haki ya uvumbuzi wa kikombe cha namna hiyo mwaka 1992, baada ya kuchoshwa na mwanawe aliyekuwa akimwaga vinywaji. Kwa hivyo, ukilifikiria vizuri jambo hili, kikombe hicho kilibuniwa kwa faida ya zulia. Mtoto hukinyonya vile vile anavyoinyonya chupa, hukizungusha nyumbani kutwa vile vile, na ile valvu ya ndani ni ngumu kusafisha. Kwa safari ya matatu kinafaa. Kwa kujifunza kunywa, kikombe kidogo cha plastiki kisicho na mfuniko, cha bei ya chini kabisa sokoni, kinakishinda. Tena huoshwa kwa maji na sabuni kikawa safi.

Mzoeshe mapema. Mtoto wa miezi sita anayeanza kula aweza kuonjeshwa maji yaliyochemshwa kwa kikombe. Mketishe wima mapajani, umfunge kitambaa kifuani. Tia kiasi kidogo tu, kama vijiko vitatu vya mezani. Weka ukingo wa kikombe juu ya mdomo wake wa chini, kiinamishe hadi kinywaji kiguse midomo, kisha subiri. Usimmiminie. Atautoa ulimi, atafyonza kidogo, nusu itamwagika, na hilo si kosa. Vitu vizito kidogo, kama uji mwepesi wa wimbi au maziwa lala, huenda polepole kuliko maji, na mtoto anayepaliwa kwa urahisi huvimudu mbele ya vingine. Kogo huenda akapendekeza mursik. Ile iliyokaa siku nyingi kibuyuni huweza kuwa na kiasi cha kileo, na ni afadhali waachiwe wakubwa.

Kwa mtoto aliyekwisha kuizoea chupa, usiziondoe zote siku moja. Anza na ya mchana, kwa maana mchana ana michezo ya kumsahaulisha. Badala yake mpe maziwa kwa kikombe pamoja na chakula, akiwa ameketi na wengine wanaokunywa kwa vikombe. Watoto huiga. Zikipita siku nne au tano akiwa ametulia, ondoa ya asubuhi. Ya usiku ndiyo ngumu kuliko zote, nayo iwe ya mwisho.

Kuna njia ya kuipunguzia utamu hiyo ya usiku. Kwa mtoto aliyepita mwaka na anayekula vizuri, punguza maziwa na uongeze maji yaliyochemshwa kidogo kidogo kila usiku, hadi baada ya juma moja au zaidi abaki na maji matupu. Wengi huitupa wenyewe. (Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yasizimuliwe kamwe namna hiyo.) Maziwa ya mwisho yawe kwa kikombe, kisha meno yapigwe mswaki kwa dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, kisha alale. Atalia usiku wa kwanza na wa pili. Mbebe, mwimbie, mpapase mgongo. Alichozoea ni kutulizwa, wala si njaa inayomliza. Anayenyonya titi aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, kwani somo hili halihusu maziwa ya mama.

Tarehe za chanjo hufaa sana kama kalenda. Chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi tisa, na tena akiwa na miezi kumi na minane. Anapokwenda kwa ile ya kwanza awe tayari anaonja kikombe kila siku. Anaporudi kwa ya pili, chupa iwe imeshatoka nyumbani. Siku hiyo mwombe muuguzi amtazame macho na viganja, na umweleze bila haya ikiwa amekuwa akinywa chai. Ikiwa ana upungufu wa damu atapewa dawa, na nyumbani aongezewe maini, omena, maharagwe na managu, pamoja na kipande cha chungwa au papai, ambacho husaidia chuma kuingia mwilini.

Yote haya hayatafaulu ikiwa mama atayafanya jioni na mlezi akayatengua mchana. Kwa hivyo kaa na kogo, au na msichana, kabla ya kuanza. Usimwambie kwamba amemharibu mtoto. Mwonyeshe ule mstari mweupe menoni, mweleze habari ya chai, kisha mpangie kazi isimlemee: vikombe viwili vya maziwa kwa siku, saa nne na saa kumi, mtoto akiwa ameketi, na maji wakati mwingine wowote akiona kiu. Themosi iwekwe juu. Na chupa zenyewe usizifiche kabatini, maana siku mtoto atakapougua homa na kulia kutwa, mkono utakwenda pale pale.

Akipaliwa kila anywapo, au maziwa yakamtokea puani, au ametimiza miezi kumi na minane na hawezi kabisa kushika kikombe, mpeleke akaonwe na daktari.