Mama wa Columbus na Usiku wa Halloween

Mama mmoja mzaliwa wa Unguja, sasa mkaazi wa Columbus, Ohio, ameiandikia safu hii akiwa njia panda. Binti yake wa miaka 11 anataka kumchukua mdogo wake wa miaka 6 usiku wa Halloween, wajipambe kama wenzao wa shule, wapite nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Baba yao hataki hata kusikia, maana anaamini peremende za watu baki hutiwa sumu. Mama mwenyewe jioni hiyo ana zamu kazini. “Niwaache waende peke yao, au niwafungie ndani?” anauliza. (Suala la dini hakuligusa, na safu hii haitajivika kilemba cha shehe.)

Hofu ya baba ina umri mrefu kuliko ushahidi wake. Joel Best, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, ameufuatilia uvumi huo tangu miaka ya 1980, na hajapata kisa hata kimoja kilichothibitika cha mtoto kuuawa na mtu asiyemjua aliyegawa peremende zenye sumu mlangoni. Kisa kinachotajwa sana ni cha Texas, mwaka 1974, mtoto wa miaka 8 alipokufa kwa sayanidi. Aliyemtilia ni baba yake mzazi, Ronald Clark O'Bryan, aliyekuwa akiwinda fedha za bima.

Watoto kugonga milango si jambo geni kwa mtu wa Unguja. Sikukuu ya Idi wadogo huzunguka kwa jamaa na majirani wakidai mkono wa Idi, na mwenye ndugu Maskati anajua kwamba huko watoto hupita nyumba kwa nyumba katikati ya Ramadhani wakijaziwa vifuko peremende na karanga. Ila vichochoro vya Mji Mkongwe havipitishi magari ya Columbus.

Na gari ndilo la kuogopwa. Watafiti wa Kanada walipitia vifo vya watembea kwa miguu nchini Marekani kuanzia 1975 hadi 2016, wakalinganisha jioni ya Halloween na jioni za wiki moja kabla na moja baada yake. Hatari ya kufa ilikuwa juu kwa asilimia 43, na kwa watoto wa miaka 4 hadi 8 ilifika mara 10. Kilele chake ni mnamo saa kumi na mbili jioni. Columbus kwa kawaida hutenga saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku kwa shughuli hii, na kuna miaka siku yenyewe haikuwa tarehe 31 Oktoba, kwa hiyo mama atazame tangazo la mji kwanza.

Jibu, basi: waende, lakini si peke yao. Mtoto wa miaka 11 hawezi kubebeshwa dhamana ya wa miaka 6 penye giza na magari. Kama zamu haibadilishiki, baba aliyeogopa sumu ndiye mlinzi anayefaa. Ashike kurunzi, awavushe kwenye kona, na peremende azikague akirudi nyumbani, roho yake itulie. Mdogo apakwe rangi usoni badala ya kuvaa kinyago kinachomziba macho, nguo isiburute (vibarazani huwekwa maboga yenye mishumaa), na mgongoni abandikwe utepe unaong'aa ukimulikwa na taa za gari.

Lipo jingine ambalo mgeni wa Marekani huenda asiambiwe: kibaraza kisicho na taa hakigongwi. Kugonga mlango usio wenyewe kunaweza kugharimu maisha. Oktoba 1992, huko Baton Rouge, Louisiana, mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 16, Yoshihiro Hattori, alikuwa akienda kwenye sherehe ya Halloween, akakosea nyumba. Mwenye nyumba alimpiga risasi akamuua, na mwaka uliofuata baraza la mahakama likamwona hana hatia. Binti huyo wa miaka 11 ni mkubwa wa kutosha kuelezwa hili waziwazi, na aelezwe kabla hawajatoka nyumbani.