Si Kila C ni ya Kaunti: Jifunze Kusoma Vifupisho vya Matangazo

Mkazi anafika kwenye kikao cha wananchi mwezi Mei na ombi la kisima. Ombi ni la haki, lakini makadirio ya bajeti tayari yako mbele ya bunge la kaunti. Tangazo la kikao alichopaswa kuhudhuria lilibandikwa miezi mingi nyuma. Alilisoma, akaona "ADP", akaenda zake.

Vifupisho vingi vya serikali ya kaunti vimejengwa juu ya neno moja la Kiingereza, "county", yaani kaunti. Ukiijua herufi hiyo C, hatua inayofuata ni kujua zinazoizunguka.

Vifupisho vya mipango na bajeti

CIDP ni Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti. Ni wa miaka mitano. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027.

ADP ni mpango wa maendeleo wa mwaka mmoja, unaotokana na CIDP. Baadhi ya kaunti huandika CADP. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka uwe umefika katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Hapa ndipo pa kutaja kisima chako.

CBROP ni taarifa inayotazama jinsi bajeti ya mwaka uliopita ilivyotumika, na hali ya mapato ilivyo. Huwa tayari kufikia Septemba 30.

CFSP ni taarifa ya mkakati wa fedha. Ndiyo inayoweka kikomo cha fedha za kila idara, na hufika bungeni kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe hufuata kufikia Aprili 30.

CBEF ni jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti. Mwenyekiti wake ni gavana, na ndani yake wamo wawakilishi wa wafanyabiashara, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya kidini.

Vifupisho vya watu na ofisi

MCA ni mwakilishi wadi. C iliyo katikati ni ya kaunti. CECM ni mwanachama wa kamati kuu ya kaunti, ambaye wengi humwita waziri wa kaunti. CPSB ni bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, inayoajiri wafanyakazi.

C zinazopotosha

Katika NG-CDF, C ni ya eneo bunge. Hii ni hazina ya serikali ya kitaifa. Ukitaka darasa la shule ya msingi au ya upili lijengwe, anzia huko, kwa kuwa shule hizo si jukumu la kaunti.

Katika ECDE, C ni ya utoto. Ni elimu ya chekechea, na hiyo ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, ingawa herufi yenyewe haisemi hivyo.

Katika CHP, C ni ya jamii. Hawa ni wahudumu wa afya wanaotembelea nyumba kwa nyumba.

Kwa hivyo, C peke yake haitoshi kukuonyesha mlango wa kubisha. Soma kifupisho chote.

Jipime

1. Paa la darasa la chekechea limeng'oka. Utaenda wapi?
2. Unataka kujua kama fedha za mwaka jana zilitumika ilivyopangwa. Utaomba taarifa gani?
3. Kijiji chenu kinataka maji mwaka ujao wa fedha. Mtahudhuria kikao cha mpango gani?

Majibu: 1. Serikali ya kaunti. 2. CBROP. 3. ADP.

Ukikutana na kifupisho usichokielewa kwenye tangazo letu, muulize msimamizi wa wadi yako kabla ya siku ya kikao. Kuelezwa ni haki yako.