MGENI NJOO, MWENYEJI APONE: UTALII NA AMANA YA MAZINGIRA

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa njema zote zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, somo letu ni utalii na utunzaji wa mazingira. Huenda mwanafunzi wa Masasi au Newala akauliza: "Ustadhi, hili linatuhusu nini? Watalii wako Unguja na Serengeti, sisi huku tuna korosho." Linatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, huku nako kuna ya kutazamwa: milima ya mawe ya Masasi, na Shimo la Mungu pale Newala, ambapo mtu husimama ukingoni akaona bonde la Ruvuma hadi upande wa Msumbiji. Pili, watu wa uwanda wa Makonde tunaijua thamani ya ndoo ya maji, na maji ndiyo yatakayotufahamisha ugumu wa jambo hili.

1. SAFARI NA UGENI KATIKA UISLAMU

Kusafiri na kutazama ardhi si jambo baya. Katika Suratul Ankabut, aya ya 20, Allah (S.W.) anatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame namna alivyoanzisha uumbaji. Naye mgeni ana haki ya kukirimiwa. Hadithi ya Abu Shuraih (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inaeleza kuwa ukarimu wa mgeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka. Lakini wengi wetu huishia hapo. Hadithi hiyo hiyo inamkataza mgeni kukaa kwa mwenyeji wake mpaka akamtia katika dhiki.

Basi mgeni ana haki, na mwenyeji ana haki. Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Utalii ambao mgeni anastarehe na mwenyeji anakosa maji umeivunja kanuni hii.

2. MFANO WA UNGUJA: NDOO 34 KWA NDOO 2

Zanzibar hupokea wageni wengi sana. Mwaka 2024 walizidi 700,000. Hakuna mto mkubwa kule. Maji hutoka chini ya ardhi, nayo hujazwa na mvua tu. Mwaka 2001 mtaalamu Stefan Gössling alichapisha utafiti wake kuhusu pwani ya mashariki ya Unguja. Aliona kuwa mtalii mmoja alitumia wastani wa lita 685 kwa siku, na mwenyeji lita 48.

Tuhesabu kwa ndoo yetu ya lita 20. Mwenyeji alipata ndoo 2 na kidogo. Mgeni alitumia ndoo 34. Tena sehemu kubwa ya maji hayo ilikwenda kumwagilia bustani za hoteli.

Mwanafunzi wa Newala, hebu fikiri. Mchanga wa uwanda wetu hunywa mvua yote, na chemchemi ziko chini mabondeni. Mama na bibi zetu waliteremka na kupanda na ndoo kichwani. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 maji yanasukumwa kwa mashine kutoka bondeni, na ndiyo maana nyumba nyingi zimechimba kisima cha kuvunia maji ya mvua. Je, ndoo 34 kwa mtu mmoja kwa siku ingekuwaje hapa?

3. KWA NINI JAMBO HILI NI GUMU

(a) Anayepata siye anayepoteza. Hoteli ina kisima kirefu na pampu. Maji yakivutwa kupita kiasi karibu na bahari, maji ya chumvi huingia mahali pake, na kisima cha jirani nacho huweza kuharibika.

(b) Kila mmoja huona lake ni dogo. Mgeni mmoja, chupa moja ya plastiki, bomba moja. Madhara huonekana yakishajumlishwa.

(c) Safari yenyewe. Hoteli inaweza kubana maji na kutumia umeme wa jua, lakini mgeni wake amekuja kwa ndege kutoka mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kuwa utalii wa dunia nzima husababisha kiasi cha asilimia 8 ya gesi zinazoongeza joto duniani. Mkulima ambaye mvua yake imevurugika huenda hajapanda ndege maishani mwake.

(d) Riziki za watu. Mwaka 2020, safari za ndege zilipokatika kwa ajili ya korona, watu wengi Zanzibar walikosa kazi. Kwa hiyo kumfukuza mgeni si dawa.

4. INAWEZEKANA

Katika kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, tangu miaka ya 1990 pamejengwa nyumba saba tu za wageni. Maji yao ni ya mvua inayovunwa juu ya paa, vyoo havitumii maji, umeme ni wa jua, na wanafunzi wa Zanzibar hupelekwa kujifunza kuhusu matumbawe. Siri yake ni kukubali wageni wachache.

Mkoani kwetu Mtwara ipo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Humo wanaishi watu na wavuvi. Hapa kuna mtihani: mvuvi akizuiwa halafu asipate chochote kutokana na wageni, mwenyeji hakupona. Kutenga eneo kuna asili katika Sunna, kwani Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa haram, miti yake isikatwe. Lakini ipo pia kanuni ya hadithi kwamba hapana kudhuru wala kulipiza madhara.

5. WAJIBU WETU

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara, hata kwa wageni wanaoingia nchini. Sheria hiyo ni msaada, lakini Muislamu ana hisabu iliyo kubwa zaidi. Suratul A'raf, aya ya 31, inakataza israfu. Tukienda kutembea Shimo la Mungu siku ya Idi, sisi ndio watalii: turudi na chupa zetu. Na siku ambayo mtu atataka kujenga hoteli ukingoni pale, wazee wa Newala wamuulize swali moja kabla ya mengine: maji utayatoa wapi, na jirani atabakiwa na ndoo ngapi?

MASWALI YA MAZOEZI

1. Taja haki moja ya mgeni na haki moja ya mwenyeji kutokana na hadithi ya Abu Shuraih (R.A.).
2. Kwa nini kisima cha jirani huweza kuharibika hoteli ikivuta maji kupita kiasi?
3. Pima ndoo zinazotumika nyumbani kwenu kwa siku moja, ugawe kwa idadi ya watu. Linganisha na lita 48 na lita 685.

Allah (S.W.) atujaalie tuwe wageni wasiodhuru na wenyeji wasiodhulumiwa. Amin. Wabillahi tawfiq.