Familia Yetu Yaenda Kitulo
Mwongozo wa ziara kwa wakazi wa Isansa na vijiji jirani

Mzazi wa Isansa, kijitabu hiki ni chako wewe uliyeulizwa na mwanao, "Na sisi tutaenda lini?" Pengine ameona kwenye simu ya jirani watoto wa Dar es Salaam wakiteleza majini kule Kunduchi, au watoto wa Marekani wakipunga mikono Disneyland. Swali hilo lisipuuzwe. Mtoto anaomba siku moja ambayo baba hakushika jembe, mama hakuinama jikoni, na nyote mko mahali msipopazoea, mnashangaa pamoja.

Dar es Salaam ni mbali. Ni siku nzima ndani ya basi kwenda na nyingine kurudi, na mkifika mjini mnalipia malazi ya jiji. Mwenye uwezo aende, na njiani awaamshe watoto basi linapoingia Mikumi, maana barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi, na twiga na pundamilia huonekana dirishani. Lakini sisi tunaandika kwa ajili ya familia inayoishi kwa kahawa na mahindi. Kwa familia hiyo tunapendekeza Hifadhi ya Taifa ya Kitulo.

Kwa nini Kitulo

Kitulo iko juu ya safu za milima kati ya Mbeya na Makete, kwenye uwanda wenye mwinuko wa mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina ukubwa wa kilometa za mraba 412.9, na katika Afrika ya kitropiki ndiyo hifadhi ya kwanza kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Wataalamu wamehesabu huko aina zipatazo 350 za mimea, zikiwamo aina 45 za okidi. Msimu ukifika, uwanda mzima hubadilika rangi: njano, nyeupe, zambarau, na mishubiri ikisimama kama mienge.

Sababu yetu kubwa ya kuichagua ni ya mfukoni. Katika hifadhi za simba na tembo hamna ruhusa ya kutembea ovyo. Lazima muwe na gari la kuzungukia, na gari hilo ndilo linalomaliza pesa ya wakulima. Kitulo hutembelewa kwa miguu. Hakuna simba wala makundi ya tembo. Mkifika, mhifadhi anatangulia, nanyi mnafuata, mtoto wa miaka saba akikimbia mbele kidogo na bibi akija polepole nyuma. Anayetaka wanyama ajue mapema kwamba huku watakuwa wachache, ingawa ndani ya msitu wa milima ya Livingstone anaishi kipunji, nyani ambaye wanasayansi hawakumjua hadi miaka ya mwanzo ya 2000, japo wawindaji wa Unyakyusa walikuwa wakimtaja kwa jina lake siku zote. Msiwaahidi watoto kwamba watamwona. Ni mnyama wa kujificha, na ahadi isiyotimia huharibu safari nzuri.

Jaribio la kwanza: Kimondo

Kabla ya kulala ugenini na watoto, fanyeni safari ya siku moja. Wilaya yetu ya Mbozi ina kimojawapo cha vimondo vikubwa vinavyojulikana duniani, pale Ndolezi, na wapo wazee wengi wa Isansa ambao hawajawahi kukigusa. Ni pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi. Kuhusu uzito vitabu vinatofautiana, kuna vinavyosema tani 12 na vinavyosema 16. Takriban asilimia 90 ni chuma, na karibu asilimia 9 ni nikeli. Mpima ardhi W. H. Nott alikitangaza kwa walimwengu mwaka 1930, wakati huo mgongo tu ukionekana na sehemu kubwa ikiwa imefukiwa. Ndipo udongo ukachimbwa kukizunguka. Wasimamizi wake siku hizi ni Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro.

Mwonyesheni mtoto alama za msumeno pembeni, palipokatwa vipande vya kwenda kuchunguzwa. Aweke kiganja juu ya chuma kilichotoka angani. Wakati huo huo, ninyi wazazi angalieni mambo mengine: ni mtoto gani anatapika kwenye gari, nani anachoka baada ya saa mbili, nani hutoroka mkono wa mama penye watu, chakula mlichobeba kilitosha au kilibaki. Mkirudi nyumbani yazungumzeni jioni ile ile. Siku moja ya Ndolezi itawafundisha kuhusu familia yenu mambo ambayo kijitabu hiki hakiwezi kuyajua.

Kalenda ya shamba na kibubu

Hapa ndipo safari nyingi zinapofia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Maua ya Kitulo huchanua zaidi kuanzia Desemba hadi Aprili. Shule zetu hufungwa Juni na Desemba, pamoja na mapumziko mafupi karibu na Pasaka na Septemba. Juni haifai: mahindi yanavunwa, kahawa inachumwa, na huko juu ni baridi kali na ukungu mzito, maua hakuna. Desemba maua yapo, lakini ni siku za kupanda na palizi, na mabasi yamejaa watu wanaokwenda makwao kwa sikukuu. Ushauri wetu ni mapumziko ya Pasaka. Palizi imekwisha, mahindi yamesimama, kahawa bado haijaiva, na uwanda bado una maua. Mvua itakuwepo. Mvua inavumilika kuliko mahindi yaliyoachwa kwenye magugu.

Tatizo la Pasaka ni moja: pesa ya kahawa huja mapema mno. Mkulima anapeleka buni kwenye chama cha ushirika, malipo yanakamilika baada ya mnada, na ikifika Machi pesa ile imekwisha kuwa mbolea, sare za shule na mabati. Anayesema "tutaona ikifika Aprili" hataenda. Tengeni fungu la safari siku ile ile malipo yanapoingia, kabla halijachanganyika na mengine.

Chongeni kibubu cha mbao, kipigiliwe misumari pande zote, kiwe na mwanya wa kupitisha noti iliyokunjwa. Mtoto mwenye mwandiko mzuri aandike juu yake KITULO kwa kalamu ya wino. Kiwekwe mahali watoto wanakiona. Mama akiuza parachichi, atie kidogo. Kijana akilipwa kibarua cha kuchuma kahawa, atie kidogo. Na baba asikae akisubiri kubembelezwa. Mtoto aliyetumbukiza shilingi mia tano yake hatalalamika atakapoambiwa kwamba soda ni moja tu. Kama pesa ni kubwa, isikae nyumbani. Iwekeni kwenye kikundi chenu cha kuweka na kukopa au kwenye simu, na kibubu kibaki cha watoto.

Mnapopiga hesabu, anzeni na nauli, maana ndiyo nzito kuliko zote, kisha malazi ya usiku mbili, kiingilio na mhifadhi, chakula, halafu ongezeni akiba ya dharura isiyopungua sehemu moja ya tano ya jumla. Akiba hiyo aishike mtu mmoja anayeaminika, na isitajwe mbele ya watoto. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio cha chini sana kuliko mgeni wa nje. Mtoto chini ya miaka 5 halipi, na wa miaka 5 hadi 15 hulipa cha mtoto. Chukueni vitambulisho vya taifa na nakala za vyeti vya kuzaliwa, hasa kwa binti wa miaka 14 aliyerefuka kuliko mama yake. Viwango hubadilika, kwa hiyo pigeni simu hifadhini wiki mbili kabla, muulize na muombe kontroli namba. Malipo hufanywa kwa simu au benki. Msipande mlima mkitegemea kulipa noti getini.

Barabarani

Kutoka Isansa mnatoka hadi barabara kuu, mnapita Mlowo kuelekea Mbeya, kisha mnaendelea mashariki kilometa 78 hadi Chimala. Pale Chimala mnaiacha lami ya Dar es Salaam na kupanda mlima kwa njia iitwayo Hamsini na Saba, kwa sababu ya kona zake 57, mpaka Matamba, yaliko makao ya hifadhi na nyumba za wageni za bei ya kawaida. Ondokeni alfajiri, mlale Matamba, asubuhi mwingie hifadhini, mlale tena, siku ya tatu mrudi. Msijaribu kuibana safari hii katika siku moja.

Barabara yetu ya Tunduma hadi Mbeya ina malori usiku na mchana, na mteremko wa Senjele na ule wa Iwambi imekwisha kutuulia watu wengi. Safirini mchana tu. Dereva akianza kushindana na lori, mtu mzima mmoja aseme kwa sauti, na wengine wamuunge mkono. Kunyamaza kwa heshima hakufai hapo. Namba ya dharura ni 112.

Familia mbili zikiungana na kukodi Noah, gharama hupungua na kina mama husaidiana kuangalia watoto. Ila hesabuni viti. Gari la viti saba ni la watu saba, na mtoto anayepakatwa bado ni mtu. Mkizidi, kodini gari kubwa zaidi. Mvua ikiwa imenyesha, mwulizeni dereva kwa upole lakini bila kuzunguka kama amewahi kupanda Hamsini na Saba. Kama hajawahi, mwacheni Chimala na mtafute gari la wenyeji.

Kwenye kona zile watoto watatapika. Wasishibishwe kabla ya kupanda. Waketi mbele, wafungue dirisha kidogo, watafune kipande cha tangawizi. Bebeni mifuko na kanga ya zamani ya kufutia. Mtoto aliyetapika asikaripiwe.

Baridi

Wa Isansa tunadhani tunaijua baridi. Ya Kitulo ni nyingine. Kila mtu awe na sweta nzito, koti la mvua, kofia na soksi mbili. Watoto wadogo wavikwe shuka kiunoni chini ya koti. Viatu viwe vya kufunika mguu, hata raba za shule zinafaa, ila ndala hapana. Jua la mwinuko ule huchoma ngozi hata penye ubaridi. Mzee mwenye shinikizo la damu, mgonjwa wa moyo, mwenye pumu au mjamzito, apite kwanza kituo cha afya aulize, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na mtu hutweta mapema. Mwenye ulemavu wa miguu asiachwe nyumbani kwa kudhaniwa tu kwamba hataweza: elezeni hali yake mnapopiga simu, mpangiwe sehemu ambayo gari linafika karibu na maua.

Chakula kibebwe kutoka nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga, na chupa mbili za chai ya moto. Viazi mviringo msibebe. Makete ndiko kwao, mtavinunua Matamba vikiwa vimetoka shambani.

Mkiwa juu

Kabla ya kuanza kutembea, kila mtoto awe na filimbi, na karatasi mfukoni yenye namba ya simu ya mzazi, na akubaliane nanyi neno moja: ukungu ukishuka, unasimama ulipo na kupiga filimbi. Ukungu wa Kitulo hufunika uwanda kwa dakika chache, na anayekimbia kutafuta wenzake ndiye anayepotea.

Kisha tembeeni taratibu. Mwombeni mhifadhi awatafutie okidi moja ambayo watoto wanaweza kuinama na kuitazama kwa karibu, mdomo wake mdogo ulivyochongoka, madoa yake kama yamepakwa kwa ncha ya sindano. Chini ya ua hilo, ardhini, kuna kiazi kidogo. Sisi wa karibu na Tunduma tunakijua kiazi hicho kwa jina la chikanda. Husagwa, kikachanganywa na karanga, kikapikwa hadi kikashikana, na ng'ambo ya mpaka, Zambia, ni chakula kinachopendwa sana. Okidi za huko zilipopungua, wafanyabiashara waligeukia nyanda zetu za juu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2 na milioni 4 huvushwa kila mwaka kutoka kusini mwa Tanzania. Biashara hiyo ni mojawapo ya sababu zilizofanya Kitulo ilindwe.

Waelezeni watoto jambo hili mkiwa mmeinama hapo hapo, kwa sababu njia ya chikanda inapita kwenye barabara yetu, na baadhi ya wanaoubeba mzigo huo ni ndugu na jirani zetu wanaotafuta riziki. Okidi ikichimbwa kiazi hufa. Haichipui kama muhogo. Tunawaomba msichimbe, msinunue, na akija mtu Isansa kutafuta vijana wa kwenda kuchimba, msimpe mwanenu.