Gari Likilala Chini, Usianze na Kompresa

Range Rover yenye saspensheni ya upepo ikikutwa asubuhi imelala upande mmoja, au ikagoma kupanda huku taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi, jibu la gereji nyingi ni lilelile: kompresa imekufa, tafuta nyingine. Mimi nashikilia kwamba kompresa kwa kawaida ndiyo ya mwisho kuugua, na anayeibadilisha kabla ya kujua upepo unatokea wapi amejiandalia kununua nyingine baada ya muda. Nitazungumzia zaidi Discovery 3, iliyoingia sokoni 2004, na Range Rover ya kizazi cha tatu iliyotengenezwa hadi 2012, kwa kuwa sasa bei zake za mtumba zimeshuka kiasi cha kuwavuta watu ambao hawajajipanga kwa gharama za kuzitunza. Lakini hoja ni ileile kwa Mercedes S-Class zilizoanza kuja na AIRMATIC mwaka 1998, na kwa gari lolote linalobebwa na mifuko ya mpira badala ya springi za chuma.

Kwanza tuelewe kompresa inafanya kazi gani. Ni mota ndogo ya umeme yenye pistoni, na haikuundwa kunguruma mchana kutwa. Inajaza tangi la akiba kwa presha inayozidi baa 10, kisha inapumzika, na tangi ndilo linalogawa upepo kwenye mifuko minne kupitia bloku za vali. Mfuko mmoja ukianza kuvuja kidogo tu, kompyuta inaona pembe ile imeshuka, inaomba upepo, kompresa inawaka. Baada ya muda inawaka tena. Dereva hajui lolote, maana gari limesimama sawa na safari ni laini. Kumbe ringi ya pistoni inalika, mota inachemka, na siku moja kifaa cha kinga kinaizima kwa joto. Hapo ndipo taa inawaka, na hapo ndipo watu huhesabu kuwa ugonjwa umeanza, wakati una miezi.

Kuna madhara ya pili ambayo hayasemwi sana, na kwangu ndiyo ushahidi mzito zaidi. Upepo unaoingia kwenye mfumo hupita kwanza kwenye kikaushio, chombo chenye punje za kunyonya unyevu. Punje hizo zina kikomo cha maji zinayoweza kubeba. Zinakauka tena pale tu gari linaposhushwa kwa utaratibu wake, ambapo upepo mkavu kutoka kwenye mifuko hurudi kupitia kikaushio kilekile na kuutoa unyevu nje. Sasa fikiria mfumo unaovuja: upepo unaingia kupitia kikaushio lakini unatokea kwenye ufa wa mfuko au kwenye kiungo cha bomba, haurudi tena. Punje zinaloa zisikauke. Maji yanaingia kwenye vali, vali zinashika kutu na kuanza kupitisha, uvujaji unaongezeka. Kwa gari linaloishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe ni mbichi mwaka mzima, mzunguko huu unakwenda kasi zaidi kuliko kwa gari la Nairobi au Arusha.

Kwa hiyo uchunguzi unaanza na tepu ya kupimia, si na spana. Egesha gari mahali tambarare likiwa kwenye urefu wake wa kawaida, pima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi juu yake, uandike namba nne za milimita. Kisha, na hili ndilo linalorukwa, toa fyuzi ya kompyuta ya saspensheni. Sababu ni kwamba magari haya hayalali kweli. Baada ya kuegeshwa, kompyuta huamka yenyewe kila baada ya saa kadhaa, hukagua urefu, na ikikuta pembe moja imeshuka huzishusha nyingine tatu zilingane nayo. Ndiyo maana mtu hukuta gari zima limelala, akadhani mifuko yote minne imekufa, kumbe ni mmoja. Fyuzi ikiwa nje kila pembe inabaki na siri yake. Pima tena asubuhi kabla hujafungua mlango. Pembe moja ikiwa imeshuka peke yake, shuku mfuko wake, bomba lake au kiungo chake. Mbili za mbele au mbili za nyuma zikishuka pamoja, shuku bloku ya vali inayozihudumia, ingawa mifuko miwili ya umri mmoja nayo huweza kuchoka kwa pamoja. Zisiposhuka hata moja, hapo ndipo sensa za urefu, rilei na kompresa yenyewe zinapopata haki ya kutiliwa shaka, kwa kuwa sensa mbovu inaweza kuidanganya kompyuta lakini haiwezi kuvujisha upepo. Kipimo hiki kina upungufu mmoja: tangi la akiba likivuja, gari halishuki. Hilo utalijua kwa kompresa kufanya kazi mara nyingi mno bila sababu inayoonekana.

Ukishajua pembe, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na chupa ya kupulizia vinatosha. Gari lipandishwe hadi juu kabisa na likalie stendi za chuma chini ya chesisi. Usiingize kichwa wala mkono kati ya tairi na bodi la gari linaloshikiliwa na upepo pekee, maana likishuka halitoi onyo. Puliza polepole kwenye mkunjo wa chini wa mfuko, pale mpira unapojikunja juu ya pistoni yake, kwa kuwa nyufa huzaliwa hapo. Huonekana kama mistari myembamba iliyolala kuzunguka mpira, na mara nyingi vumbi na mchanga uliokwama ndio ulioisaga. Subiri. Uvujaji mkubwa hutoa mapovu papo hapo, ule mdogo hutengeneza povu jeupe laini linalokua taratibu, na wenye haraka hulikosa. Kisha jaribu tena gari likiwa kwenye urefu wa kawaida, kwa sababu ufa mmoja hufunguka mpira ukikunjwa mahali fulani na kujifunga ukinyooka. Malizia kwa viungo vya mabomba na tundu la kutolea upepo: povu hapo, gari likiwa limezimwa, ni dalili kwamba vali haifungi ndani.

Watapinga walio na mashine za kupimia. Mashine imesema kompresa, wewe na sabuni yako unabishana na kompyuta? Lakini someni msimbo wenyewe. C1A20, unaojitokeza sana kwenye Land Rover, unasema presha inapanda polepole mno wakati wa kujaza tangi. Hausemi kwa nini. Presha hupanda polepole kompresa ikichoka, na hupanda polepole upepo ukiwa unatoka kwingine. Hakuna fundi pancha anayemuuzia mteja pampu mpya wakati tairi lina msumari, ila kwenye gari la bei kubwa jambo hilohilo hufanyika na risiti ikatolewa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwa nini tusitoe mfumo wote tukafunga springi za chuma? Vifaa vya kufanya hivyo vinauzwa, na simbezi anayevitumia. Kwa Range Rover kuukuu ambayo thamani yake imekaribia bei ya mifuko minne, au kwa anayeishi mbali na fundi mwenye vipuri, ni uamuzi wa akili. Ajue tu anachoacha. Gari halitajisawazisha likibebeshwa mizigo nyuma, halitainuka kwenye matope, na kompyuta italalamika kwenye dashibodi mpaka inyamazishwe. Hesabu ya wengi hubadilika wakigundua kuwa kilichoharibika ni mfuko mmoja au kiungo cha bomba, si mfumo mzima. Uamuzi wa kuachana na upepo ufanywe baada ya uchunguzi. Kabla yake ni kukata tamaa tu.

Na si kila kelele ya chini ni ya upepo. Magari haya ni mazito, na barabara zetu zenye matuta humaliza bushi za mikono ya chini, boljointi na linki za stabilaiza kama zinavyofanya kwa gari lingine lolote. Mlio wa kugonga kwenye mashimo, au tairi kulika upande wa ndani, hautapona kwa kubadilisha mifuko.

Ukishapata mfuko unaovuja, badilisha na mwenzake wa ekseli ileile, hasa kama umri wao ni mmoja. Mfuko mpya ujazwe upepo kidogo kidogo mguu ukiwa unaning'inia, bila uzito wa gari juu yake, maana ukiulalia ukiwa mtupu mpira hujikunja vibaya na kuchanika siku ya kwanza. Badilisha punje za kikaushio na rilei ya kompresa wakati huohuo, ni vitu vya bei ndogo ukilinganisha na vingine. Halafu rudia kipimo cha usiku, fyuzi ikiwa nje. Namba zikibaki palepale na kompresa bado inachelewa kujaza tangi, basi ni yake kweli, inunue. Fundi anayekataa kuliacha gari usiku mmoja kwa ajili ya kipimo hicho, chukua ufunguo wako uende kwa mwingine.