Dereva wa Lori, Simu Haijui Uzito wa Mzigo Wako

Dereva anayeleta saruji Kathiani kwa mara ya kwanza huandika jina la mji kwenye simu na kufuata mshale. Je, mshale huo unajua nini?

Setilaiti za GPS huzunguka takriban kilomita 20,200 juu ya dunia. Simu ikipokea mawimbi ya setilaiti nne au zaidi, hukadiria mahali ulipo. Kazi ya GPS huishia hapo. Njia huchaguliwa na programu ya ramani, na nyingi hupanga safari kwa kufikiria gari dogo. Haziulizi lori lina tani ngapi. Hivyo, njia ya mkato inayofaa pikipiki inaweza kulifikisha lori kwenye mteremko mkali wa milima ya Iveti, au kwenye mto wa msimu uliofurika wakati wa mvua.

Kabla ya kuondoka:

1. Tazama njia yote kwenye ramani. Chagua barabara kuu, hata ikiwa ndefu zaidi.
2. Mpigie simu anayepokea mzigo. Uliza kuhusu madaraja, matope na mahali pa kugeuzia lori.
3. Badilisha njia kwenye simu lori likiwa limesimama tu.
4. Kwenye mteremko, ingiza gia ndogo ukiwa bado juu. Usitegemee breki pekee.

Nawe mkazi uliyeagiza mzigo, mweleze dereva njia ambayo malori hupita. Lori likikwama kwenye barabara nyembamba, mgonjwa anayekimbizwa hospitalini pia hukwama.